Nyasi Zilizoliwa Kutoka Ndani

Jumatano, tarehe 20 Oktoba 1976. Joto lilianza mapema. Tangu alfajiri mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Mwese, yakaning'inia juu ya vilima kama wazee wanaongoja kikao kifunguliwe, kisha upepo ukaja ukayatawanya. Mwamkulu haikupata hata tone. Vumbi lilipanda, likatua juu ya majani ya migomba, na kuku wakaenda kujificha kwenye kivuli cha ghala.

Telesphor aliyatazama mawingu yakiondoka. Alichukua kikapu akaenda kwenye lundo lake la nyasi, kando ya kichuguu kikubwa, kuchota chakula cha asubuhi cha maksai. Kwa wiki nzima alikuwa akichukua nyasi za juu, zile zilizofifia kwa jua. Siku hiyo alitaka za katikati, ambazo huwa laini na bado zina harufu. Alipenyeza mkono ubavuni mwa lundo. Mkono ulizama hadi kiwiko bila kukutana na kitu, na alipouvuta, ulitoka na udongo mwekundu wenye unyevu na mchwa wawili waliomng'ang'ania kidole.

Kisha akausukuma ukuta wa lundo kwa bega, nao ukabonyea kama kikapu kitupu. Lililokuwa limesimama mbele yake tangu mwezi wa sita lilikuwa ganda tu, unene wa mkono mmoja. Ndani kulikuwa na udongo uliojengwa kwa ustadi, vyumba na njia, na kwenye njia hizo mchwa walikuwa wakipita na shughuli zao.

Hapo Mwamkulu miaka ile, ukiuliza nyumba ya Telesphor watu walikuuliza kwanza, "Telesphor yupi, Bwana Nyasi?" Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa Mpimbwe, mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, asiye na maneno mengi. Ujana wake aliutumia misheni, akikata majani ya punda na ng'ombe wa maziwa, na huko bruda mmoja ndiye aliyemfundisha kwamba nyasi nazo zina msimu wa kuvunwa, kama mpunga. Ukizikata zikiwa zimechanua lakini mbegu hazijapukutika, ukazianika siku chache huku ukizigeuza kwa uma wa mti, zitakauka na rangi yake ya kijani, na ng'ombe atazila miezi mingi baadaye kwa hamu. Ukingoja mpaka ziwe rangi ya simba, umekata kuni.

Aliporudi kutoka misheni na elimu hiyo, majirani walicheka sana. "Dunia nzima imejaa nyasi, yeye anazijengea ghala," walisema. "Mwakani ataanza kuhifadhi upepo kwenye debe."

Lakini Telesphor alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na pembe. Alikuwa na maksai wawili, Injini na Behewa. Aliwanunua Kaliua kwa Msukuma mmoja, akawaleta Mpanda kwa treni, ndani ya behewa la mizigo, kwa kuwa kuwaswaga kwa miguu kupitia pori lile ni sawa na kuwakabidhi kwa ndorobo, yaani mbung'o. Ndorobo wa pori la Mpanda hawahitaji kutambulishwa. Akimuuma ng'ombe leo, baada ya wiki chache ng'ombe anakonda huku anakula, manyoya yanasimama, machozi yanamtoka, na mwisho anakufa mdomo ukiwa na majani. Ndiyo maana watu wa hapo walilima kwa mkono, na ndiyo maana maksai wa Telesphor hawakuruhusiwa kuvuka mto kuingia miomboni hata siku moja. Walilishwa kwenye mbuga ya wazi iliyo karibu na vijumba, basi. Na mbuga hiyo, kila mwaka mwezi wa tisa, mtu fulani anayewinda panya huichoma moto. Baada ya hapo hubaki majivu mpaka mvua inyeshe. Pengo hilo kati ya moto na mvua ndilo Telesphor alilozibia kwa nyasi zake. Maksai wakilivuka wakiwa na nguvu, watalima. Wakilivuka wakiwa mifupa, wataangushwa na nira siku ya kwanza, na shamba jipya alilopewa na kijiji litabaki pori.

Sasa swali ambalo kila msomaji analo, na ambalo jirani yake Hilari alimuuliza asubuhi ileile, ni hili: mtu anayejua nyasi namna ile aliliwekaje lundo lake chini ya kichuguu?

Kichuguu kilikuwa cha Eufrazia, dada yake. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi, mjane, na kama watu wengi alihamishiwa Mwamkulu mwaka 1974, kijiji kilipoanzishwa. Alikuja na vyungu vyake, kuku jike mmoja na kinu. Nyuma aliacha nyumba, miti ya matunda, na vichuguu vya mama yake, ambavyo kila mwaka mvua za kwanza zilipoanza vilimpa kumbikumbi wa kukaanga, wa kuanika, wa kusaga na wa kugawia jamaa. Telesphor alipomuuliza angependa nyumba yake aijenge upande gani, alijibu, "Nyumba utajenga unapotaka. Kwanza nioneshe kichuguu."

Alimpa kile kikubwa kilichokuwa pembeni ya uwanja wake. Eufrazia akachomeka kijiti juu yake, akafunga fundo la majani kwenye kijiti, na tangu siku ile kichuguu kikawa kimefungwa. Kwa desturi ya kwao kichuguu kilichofungwa hakichimbwi, hakikanyagwi na mbuzi, na majivu hayamwagwi karibu nacho, kwa kuwa majivu huwafukuza mchwa na mwaka huo hawataruka. Mwenyewe hukifagia pembeni pote, uwanja unakuwa mweupe kama sahani, ili siku ya kuruka aweze kuwazoa bila takataka.

Telesphor aliutazama uwanja ule mweupe na akaona mahali pasipoweza kufikiwa na moto. Tena palikuwa pameinuka kidogo, maji hayatuami. Kuhusu mchwa alikuwa na jibu pia, nalo alilipata kwa wazee. Wazee husema mchwa wa kichuguu kilichofungwa hawaibi nyumbani kwa mwenye kichuguu. Basi alitandika magogo, akapanga nyasi juu yake, na majivu, ambayo bruda wa misheni asingeyasahau, hakuyaweka, kwa heshima ya dada.

"Hapo ndipo ulipokosea sheria," alisema Hilari, akiwa amechuchumaa mbele ya shimo la lundo, fimbo mkononi. Hilari ndiye aliyekuwa akiwaongoza maksai kwa mbele wakati Telesphor ameshika plau, na malipo yake yalikuwa kulimiwa shamba. "Mwenye kichuguu ni nani?"

"Dada."

"Na nyasi ni za nani?"

Telesphor aliinama akatazama ndani ya shimo.

"Unaona sasa. Mchwa wamesoma kuliko sisi. Kwa mwenye kichuguu hawaibi. Kwa mdogo wake hawakukatazwa." Hilari alichokoa udongo, akatazama askari wa mchwa wakitokeza vichwa. "Lakini wamenona hawa. Bwana Nyasi, umefuga. Ulidhani unafuga ng'ombe wawili, kumbe unafuga elfu na elfu."

"Hilari."

"Naam."

"Zilizobaki zitatosha siku ngapi?"

Hilari aliacha utani. Alizunguka lundo akiligonga kwa fimbo kama mtu anayegonga boga. "Nne," alisema. "Tano, ukiwapa kama unawapa dawa."

Walikaa kivulini wakahesabu vyakula vyote vinavyoweza kuingia mdomoni mwa ng'ombe. Mabua ya mpunga yalikuwa yamechomwa na wenyewe mashambani. Mabua ya mahindi, mbuzi wa kijiji walikwisha kuyamaliza, na yaliyobaki yalikuwa yamesimama kama fimbo. Pumba ilikuwepo, lakini ng'ombe hashibi kwa pumba, na kuku waliidai. Ng'ambo ya mto, miombo ilikuwa imeanza kuchipua majani mapya mekundu, kama inavyofanya kila mwaka kabla ya mvua, nayo yalionekana hata kutoka pale walipokaa. Yangewashibisha. Na ndorobo nao wangeshiba.

"Basi chimba," alisema Hilari. "Wanasema ndani kabisa wana ghala lao. Chimba, mtoe mama yao, wengine watatawanyika. Angalau haya maganda yatabaki, na mwakani hutalia tena."

Kama maneno hayo yangesemwa jioni, pengine Telesphor angeyalaza. Lakini yalisemwa akiwa bado na udongo wa mchwa mkononi. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na jembe. Getrude, mkewe, aliyekuwa akipepeta mpunga mlangoni, alimwona na akaelewa.

"Baba Ponsian, kamwambie dada kwanza."

"Nakwenda kumwambia."

"Na jembe begani? Utamwambia nini, kwamba unakwenda kulima?"

Hakuhitaji kwenda mbali. Eufrazia alikuwa na masikio. Telesphor alipofika kwenye kichuguu alimkuta dada yake amekwisha kukaa juu yake, kwenye kibega kilicho chini ya kijiti chenye fundo, miguu ameinyoosha, khanga ameikaza, kama mtu aliyekuja kupunga upepo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Jembe la nini saa hizi? Mvua imenyesha?"

"Mchwa wako wamemaliza nyasi zangu."

"Wangu."

"Wako. Wewe ndiye uliyewafunga."

"Niliwafunga, sikuwafunga midomo."

Hilari, aliyekuwa amefuata kwa mbali, alicheka, akaona si wakati wake, akanyamaza.

Telesphor alishusha jembe chini. Alieleza, kwa sauti yake ileile isiyopanda wala kushuka, kwamba ng'ombe wana chakula cha siku nne, mvua iko mbali, mbuga ni majivu. Wakianguka hakuna atakayelima, na shamba litakalobaki bila kulimwa mtu wa kwanza kulia njaa ni yeye Eufrazia, ambaye mikono yake haiwezi tena jembe.

"Nilikulea kwa jembe la mkono," alisema Eufrazia. "Ng'ombe walikuwa bado hawajapanda treni."

"Najua, dada."

"Nikishuka hapa, ukachimba, nyasi zitarudi?"

"Hazitarudi. Lakini hawatakula zilizobaki."

"Za siku nne."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kumbikumbi wa mwaka huu, na wa mwakani, na wa miaka yote mpaka nife, unataka tuwauze kwa nyasi za siku nne." Alisema hivyo bila hasira, kama mwanamke anayekadiria mboga sokoni. "Umekasirika tu, Telesphor. Ukiwa mtoto ulipojikwaa ulikuwa unarudi kulipiga jiwe."

Telesphor alibaki ameshika mpini. Angeweza kumwondoa pale kwa mkono mmoja, na wote watatu walijua, na wote watatu walijua pia kwamba hatafanya hivyo. Kwa hiyo kilichofuata hakikuwa kushindana. Eufrazia alianza kupangusa vumbi kwenye goti lake ambalo halikuwa na vumbi.

"Niliona njia zao," alisema.

"Njia za nani?"

"Za mchwa. Mwezi wa nane, nikifagia. Zilikuwa zimepanda kwenye magogo, nyembamba hivi, kama kidole." Alionesha kidole. "Nikajua wanakwenda kwenye nyasi."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani watalamba kidogo. Kichuguu kilikuwa kimekauka tangu tuhamie, mwaka wa kwanza walitoka kibaba, mwaka wa pili hivyohivyo. Safari hii nikaona kinajenga, kinapanda, udongo mbichi kila asubuhi. Nikafurahi. Nikasema mwaka huu nitawapelekea kumbikumbi watu wa kwetu, waone kwamba na huku nina kichuguu." Alitazama lundo. "Chovya chovya imemaliza buyu."

Telesphor alilaza jembe chini, akakaa kwenye gogo mojawapo la lundo lake, akimpa dada yake ubavu. Hilari baadaye alisimulia kwamba katika miaka yote aliyoshika kamba mbele ya maksai wa mtu yule, hapo ndipo alipomwogopa.

Eufrazia aliteremka, akiegemea kwanza mkono mmoja kisha wa pili, akaenda kwenye nyumba yake. Paa la nyumba hiyo lilikuwa limeoza, lilikuwa linaonesha mbingu sehemu mbili, na kila mtu alijua kwamba lingeezuliwa na kuezekwa upya kabla ya mvua. Nyasi za kuezekea alikwisha kuzikata mwenyewe mwezi wa tano, kidogo kidogo, tita baada ya tita, akazipanga darini juu ya meko. Moshi wa jikoni ulikuwa umezikausha miezi yote hiyo, na mchwa hawapendi moshi.

Alitoka na tita moja kichwani, akalitupa mbele ya Telesphor.

"Yapo mengi darini. Kayashushe."

"Hilo ni paa lako, dada."

"Mimi sijasema ni la nani. Nimesema kayashushe."

"Mvua ikija utalala wapi?"

"Kwa wifi." Alimgeukia Getrude, aliyekuwa amesogea na ungo wake. "Wifi, utanipokea na mikoromo yangu?"

"Karibu, wifi," alisema Getrude. "Huyu naye anakoroma. Mtajibizana, mimi nitalala."

"Mtu halishi ng'ombe kwa nyumba ya dada yake," alisema Telesphor.

"Kumbe anachimba kichuguu chake?" alijibu Eufrazia. "Chagua. Nyasi za kuezekea zinaota kila mwaka. Mama wa mchwa haoti. Kichuguu sikupi. Paa nakupa. Mwaka ujao utaniezekea, na utazikata wewe, mimi mgongo umechoka."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Waliyashusha matita yote mchana ule, yakajaza nusu ya uwanja. Lakini nyasi za kuezekea si nyasi za kula. Ni ndefu, ngumu, zimekatwa zimekwisha komaa, na zile zilinuka moshi na masizi kiasi kwamba Injini, alipoletewa tita la kwanza, alinusa, akapiga chafya, akamgeuzia Telesphor makalio. Behewa hakujisumbua hata kunusa.

"Paa limekataliwa," alisema Hilari. "Wanataka nyumba ya bati."

Telesphor aliliweka tita juu ya gogo akalikatakata kwa panga, vipande vifupi kama vya kiganja. Akachukua debe la maji, akayeyusha ndani yake chumvi ya mawe, akarusha konzi kadhaa za pumba, akavinyunyizia vipande vile na kuvigeuza kwa mikono mpaka vikalainika. Getrude aliitazama chumvi yake ikiisha bila kusema kitu, na hilo halikuwa jambo dogo. Kisha wakarudi nyuma, wakakaa. Jua lilikuwa limeanza kuinama.

Behewa ndiye aliyeanza. Alilamba chumvi tu, ulimi ukipita juu ya nyasi kama unafagia. Akalamba tena. Ulimi ulirudi na kipande kimoja, akakitafuna kwa mashaka, akakimeza. Injini alipoona mwenzake anatafuna kitu ambacho yeye hana, alisahau moshi na masizi, akamsukuma kwa pembe, akatia kichwa.

"Wanakula," alisema Eufrazia.

"Wanakula nyumba yako," alisema Hilari. "Mama, mchwa wamekula nyasi za mdogo wako, wewe utakula mchwa, na ng'ombe wanakula paa lako. Aliyebaki bila kitu hapa ni mimi."

"Wewe utakula kiboko cha maksai usiponiletea maji," alisema Eufrazia. Hilari akaenda kuteka maji.

Yaliyotokea baadaye yanaweza kuelezwa kwa ufupi. Mvua ya kweli ilikuja Novemba, ikachelewa lakini ikaja. Maksai walikuwa wamekonda, mbavu zilionekana, ila waliposhikwa nira walikwenda. Shamba jipya la Telesphor lililimwa, la Eufrazia likalimwa, na la Hilari nalo, kwa manung'uniko ya Hilari kwamba la kwake limelimwa mwisho. Usiku wa mvua ya pili paa la Eufrazia lilishuka katikati, hakuna aliyeumia kwa kuwa hakuna aliyekuwemo. Na kesho yake kumbikumbi waliruka kutoka kwenye kichuguu kwa wingi ambao Mwamkulu haikuwahi kuuona. Walijaza mitungi, ungo, na shuka la kitanda. Mwezi wa sita uliofuata Telesphor alikata nyasi za aina mbili, za ng'ombe na za dada yake. Zile za ng'ombe alizipanga mbali, upande wa pili wa zizi, kwenye uchaga wenye miguu iliyosimama ndani ya majivu.

Lakini hayo yalikuwa bado. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21, Telesphor aliamka mapema kuliko kawaida, akawapa Injini na Behewa vipande vya nyasi vilivyolowekwa usiku kucha, akangoja mpaka alipowaona wanatafuna. Kisha akaenda kwenye lundo lake la zamani. Alichagua nyasi zilizobaki safi akaziweka kwenye kikapu. Zile zilizokwisha kushikwa na udongo, ambazo ng'ombe hawezi kuzigusa tena, alizikusanya kwa mikono miwili, akazisogeza moja kwa moja hadi chini ya kichuguu, akazitandaza kukizunguka, mchwa wamalizie walichoanza. Alipomaliza alichukua ufagio wa dada yake uliokuwa umeegemezwa pale, akafagia uwanja uliobaki mpaka ukawa mweupe, akaurudisha ufagio mahali pake kabla Eufrazia hajafungua mlango.